Kubadilisha pedi za breki za Subaru STI wewe mwenyewe nyumbani, hatua kwa hatua

Kama uko na Subaru Impreza WRX STI yenye kalipa za Brembo (kalipa ni kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), na hapo nyumbani uko na mahali pa saruji au pevaz (yale matofali ya kutandika uwanjani) palipo sawa, pedi za breki unaweza kubadilisha wewe mwenyewe bila kupeleka gari gereji. Kalipa za Brembo kwa kweli ni rahisi kuliko za gari nyingi za kawaida kwa sababu pedi inatokea juu na kalipa yenyewe haifunguliwi hata bolti moja. Kinachoharibu kazi ni kwamba watu wanatoa pedi ya zamani wanaingiza mpya ndani ya uchafu ule ule, alafu saa hiyo hiyo wanaingia barabarani kwa kasi. Ndiyo sababu hapa nitazungumza sana juu ya usafi na zile kilomita za kwanza, hayo mengine ni ya kufungua na kufunga tu.

Kwanza hakikisha ni kalipa gani uko nayo. Hapa Kampala kuna Impreza nyingi zimebandikwa beji ya STI nyuma lakini chini ni WRX ya kawaida au hata ile isiyo na turbo, kwa hivyo beji usiiamini, chungulia kwenye rimu. Brembo ya mbele ni kipande kikubwa cha aluminiamu, mara nyingi rangi ya dhahabu, pistoni nne (ndizo zinazosukuma pedi), mbili kila upande wa diski, na ya nyuma iko na pistoni mbili. Diski ya mbele ni kubwa, milimita 326, ndiyo maana rimu ya inchi 16 haiingii pale, lazima 17 kwenda juu. Pia angalia kama siyo kava ya plastiki imepakwa rangi ikaandikwa Brembo, hizo ziko nyingi sana mjini. Ukikuta kalipa ya kawaida ile ya kuteleza, kazi ni tofauti kidogo, nitaigusia chini.

Pedi zinahitaji kubadilishwa lini? Pedi mpya iko na nyama, ile sehemu inayosugua diski, kama milimita 10 hivi. Ikifika 3 anza kutafuta nyingine, usingoje chuma kiguse diski. Pedi nyingi ziko na kijichuma kidogo kinachopiga kelele ya kukwaruza nyama ikikaribia kuisha, ukisikia hiyo sauti usiongeze redio. Kitu kingine, mafuta ya breki yakishuka kwenye kopo lake na hakuna mahali panapovuja, mara nyingi ni pedi zimeisha, pistoni zimetoka nje zaidi na mafuta yamezifuata, kwa hivyo usikimbilie kuongeza kabla hujaangalia pedi.

Kununua

Spea wengi tunachukua Kisekka, soko la spea hapa Kampala, na pale unahitaji macho. Nenda na pedi ya zamani mkononi kama gari inaweza kukaa, au angalau picha ya mbele na ya nyuma kwenye simu. Muuza duka atakwambia "boss hii ni orijino kabisa", sawa, lakini wewe linganisha umbo la bamba la chuma, matundu ya pini, unene, na uangalie kama nyama imeshika vizuri kwenye bamba bila ufa pembeni. Pedi ambayo boksi imeandikwa vibaya, herufi zimepinda au haina namba yoyote iliyogongwa kwenye chuma, iache hata kama bei ni nzuri kiasi gani. Ukikosa za STI uliza za Mitsubishi Lancer Evolution 8 au 9 zenye Brembo, umbo la pedi ni lile lile mbele na nyuma, na hii imesaidia watu wengi wanaoambiwa "za STI zimeisha, rudi wiki ijayo".

Usinunue pedi za mashindano kwa gari unayopeleka kazini. Najua zinavutia, na ukitoka kuangalia Pearl of Africa Rally unataka gari yako iwe na kila kitu kama zile, lakini pedi za namna hiyo zinataka joto kubwa ndipo zishike, zikiwa baridi zinateleza na zinakula diski. Kwenye jam ya Jinja Road breki yako haipati joto hilo hata siku moja. Chukua pedi ya barabarani ya nguvu, ile ya keramiki au ya nusu chuma kutoka kampuni inayojulikana. Na unabadilisha ekseli nzima, kushoto na kulia pamoja, usibadilishe upande mmoja hata kama ule mwingine unaonekana bado mzima, gari itavuta upande.

Vingine vya kuwa navyo: jeki ya magurudumu, stendi mbili za jeki, wili spana ya 19, nyundo ndogo, panchi nyembamba ya kugongea pini, koleo, bisibisi bapa pana, brashi ya nailoni na ya waya, kopo la breki klina, grisi ya breki ile inayovumilia moto, sirinji kubwa ya famasi, glavu, miwani na barakoa. Toki renchi kama unaweza kuazima. Mafuta ya breki ni DOT 3 au DOT 4, angalia kifuniko cha kopo kimeandikwa nini. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hayo, usiweke kamwe. Na usiweke mafuta ya injini wala ya hidroliki, raba zote za ndani zitavimba na mfumo mzima utakufa.

Kuinua gari

Hapa sitaki mtu aharakishe. Gari iwe imepoa, maana diski iliyotoka barabarani inaweza kukuunguza vibaya. Weka kwenye gia ya kwanza, vuta handibreki, kama unaanza mbele weka mawe au magogo nyuma na mbele ya tairi za nyuma. Legeza nati za rimu kidogo kabla tairi haijaacha ardhi, ukingoja iwe juu utakuwa unaitikisa gari iliyo hewani. Kama rimu zimebadilishwa na nati ni zile zenye ufunguo wake, hakikisha huo ufunguo uko nao kwanza.

Jeki ya mbele inawekwa kwenye chuma kinene kinachopita chini ya injini, siyo kwenye sampu ya oili, sampu itapinda au itapasuka. Gari nyingi za hapa zimeshushwa na jeki haipiti, panda kwanza juu ya vipande viwili vya mbao bapa ndipo uingize jeki. Ikishapanda, stendi zikae kwenye ule ukingo wa chini wa bodi nyuma ya tairi ya mbele, pale penye alama mbili za kukatwa. Kama uwanja ni wa udongo usifanyie hapo, hata kama ni mkavu, stendi inazama polepole na wewe huoni. Pevaz iliyolegea weka kipande cha mbao ngumu pana chini ya kila stendi. Shusha jeki gari ikae kwenye stendi, isukume kwa mkono uone kama inatikisika, alafu tairi uliyoitoa iweke chini ya bodi kama akiba. Usiingize hata mguu chini ya gari iliyobebwa na jeki peke yake, hidroliki inaweza kuachia bila kutoa sauti. Watoto wa nyumbani waambie mapema wasikaribie, na asiwepo mtu wa kuingia ndani kukanyaga pedali wakati pedi ziko nje, pistoni zitachomoka.

Kutoa pedi za zamani

Geuza usukani ili kalipa ikutazame vizuri. Piga picha kwa simu jinsi ile springi bapa iliyo katikati ilivyokaa chini ya pini, utaihitaji baadaye. Fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, futa kwanza pembeni mavumbi yasianguke ndani. Kama yako juu karibu na MAX vuta kidogo kwa sirinji, kwa sababu ukirudisha pistoni mafuta yatapanda na kumwagika. Mafuta ya breki yanakula rangi, ya bodi na hata ile ya dhahabu kwenye kalipa, tone likianguka mwagia maji mengi palepale.

Sasa ukiwa bado hujatoa kitu, ingiza bisibisi pana kati ya diski na pedi ya zamani, sukuma pedi irudi nyuma polepole. Polepole, narudia, unarudisha mafuta kwenye bomba na haitaki nguvu za ghafla. Fanya ya nje alafu ya ndani, na uangalie kopo kila mara.

Pini ziko mbili, ya juu na ya chini. Kama ziko na klipu toa klipu kwanza. Tafuta upande wenye kichwa cha pini, wewe unapigia upande ule mwingine kwa panchi, pini itatokea upande wa kichwa. Kwa gari ambazo zimetembea sana kwenye mvua na maramu pini zinashika, nyunyiza breki klina, ngoja, gonga kidogo kidogo. Ukipiga kwa hasira utapinda pini na hapo kazi itakuwa ya siku nzima. Ikikaribia kutoka ya kwanza, kandamiza springi kwa kidole gumba na uvae miwani, hiyo springi ikiruka inaruka kweli.

Toa pedi moja tu. Moja! Kalipa hii iko na pistoni pande zote mbili na zote zinakunywa mafuta ya bomba moja, ukisukuma za upande huu za upande ule zinatoka, kwa hivyo pedi ya pili ibaki mahali pake ikizuia hadi upande wa kwanza umalize. Ukishatoa pedi iangalie. Kama nyama imeisha sawasawa, vizuri. Kama imeisha mshazari, au ya ndani imeisha na ya nje ni nene, kuna pistoni imeshika au pedi ilikuwa imekwama kwenye njia yake, na ukiweka mpya bila kutibu hilo na yenyewe itaisha hivyo hivyo.

Usafi, hapa ndipo kazi yenyewe

Vumbi letu jekundu linaingia kila mahali. Likichanganyika na unga wa pedi na maji ya mvua linakuwa kama udongo wa tofali lililochomwa, linajaza zile kona za kalipa ambapo masikio ya pedi yanateleza. Pedi lazima isogee mbele na nyuma bila kubanwa, ukiachia pedali irudi, na ikishindwa kurudi inabaki inagusa diski safari nzima, inakula petroli, inachemsha mafuta, inamaliza nyama. Mtu akiniambia pedi zake za bei kubwa ziliisha haraka ninamuuliza kwanza kama kalipa ilisafishwa, na karibu kila mara ilipuliziwa tu kwa kompresa.

Kompresa usitumie. Ule unga ukiruka unaingia kifuani, na kuna pedi za zamani au za bei ya chini ambazo huwezi kujua zimetengenezwa na nini, asbesto ilitumika kwenye breki miaka mingi. Vaa barakoa, lowesha kwa breki klina, sugua kwa brashi ya nailoni, acha uchafu udondoke kwenye chombo ulichotega chini. Brashi ya waya tumia kwenye pini na kwenye vile vibati vya chuma ambapo pedi inateleza, lakini isiguse raba zinazozunguka pistoni. Aluminiamu ikipata kutu yake nyeupe nyuma ya hivyo vibati inavisukuma nje na nafasi ya pedi inabana, ukiona hivyo vifungue usafishe nyuma yake. Jaribu pedi mpya kwa mkono, itelezeshe bila kitu kingine. Inatakiwa iingie kwa vidole tu bila nyundo. Kama inagoma na kalipa ni safi, rangi nyingi kwenye masikio ya pedi yenyewe ndiyo inabana, ipige msasa kidogo pale pembeni.

Raba za pistoni ziangalie kwa tochi. Zikiwa zimepasuka, au kuna umajimaji, usifunge pedi mpya ukitumaini itapona, hiyo kalipa inahitaji kufunguliwa na kuwekewa sili mpya na hiyo kazi mpe fundi anayejua Brembo.

Diski nayo. Pitisha kidole ukingoni uone kama kuna mdomo umeinuka, angalia nyufa, angalia madoa ya bluu yanayoonyesha ilipata moto sana. Kila diski imegongwa namba MIN TH kwenye chuma, huo ndio unene wa mwisho, pima kwa venia sehemu kadhaa, na ikifika hapo haina mjadala, badilisha. Ukibakisha diski ya zamani ipigie msasa mwepesi kwa mzunguko, uifute na breki klina hadi kitambaa kitoke cheupe.

Kuweka mpya

Grisi ya breki weka nyembamba sana, kwenye masikio ya pedi na nyuma ya bamba pale pistoni inapogusa, na kama kuna shimu, kile kibati chembamba cha nyuma ya pedi, basi kati yake na bamba. Grisi ya kawaida ya beringi hapana, inayeyuka na kutiririka kwenye diski. Nyama ya pedi isiguswe na grisi wala vidole vyenye mafuta, maana ikinyonya mafuta hakuna kuisafisha, unanunua nyingine. Kama pedi iko na mshale, uelekee upande tairi inakozunguka gari ikienda mbele.

Ingiza pedi ya kwanza, alafu ndipo utoe ya upande wa pili, safisha, rudisha pistoni, ingiza. Rudisha pini moja, kandamiza springi chini yake kama kwenye picha, pini ya pili, gonga hadi kichwa kikae kabisa. Nenda tairi ya upande wa pili ufanye yale yale.

Nyuma ni kazi ile ile ila ndogo zaidi, na handibreki ya STI haihusiani na kalipa, iko na brekishuu zake ndani ya diski, kwa hivyo haikuzuii kubadilisha pedi. Jambo la kukumbuka ni kwamba handibreki inashika tairi za nyuma tu, zikiwa juu haishiki kitu, kwa hivyo magogo yahamie tairi za mbele.

Wale wenye kalipa ya kuteleza, nyinyi mnafungua bolti moja, kwa kawaida spana ya 14, mnainua kalipa kwenda juu na pedi ziko pale kwenye bano. Pini za kuteleza zichomoe, zifute, grisi ya silikoni, na kama mnaitoa kalipa yote ifungeni kwa waya kwenye springi ya shoku, isining'inie kwa bomba la breki.

Rudisha tairi, nati zote kwa mkono kwanza, shusha gari, kaza kwa mtindo wa nyota. Newton mita 100 hivi zinatosha kwa Subaru, kitabu cha gari kikisema namba yake fuata hiyo. Kurukia wili spana kwa mguu kunavunja stadi, zile skrubu nati zinakofungwa.

Kabla ya kuwasha gari kanyaga pedali ya breki. Mara ya kwanza itaingia hadi chini, hiyo ni kawaida kwa sababu pistoni ziko mbali, endelea kukanyaga taratibu hadi iwe ngumu. Ukisahau hii na ukatoa gari kwenye geti, breki ya kwanza haitakuwepo. Rudi kwenye kopo, mafuta yawe kati ya MIN na MAX, funga kifuniko. Kama pedali inabaki laini kama sponji kuna hewa, usitoke na hiyo gari hadi itolewe.

Kilomita za kwanza

Pedi mpya na diski bado hazijazoeana, zinahitaji kupakana tabaka jembamba ndipo zishike kwa nguvu yote. Karatasi ndani ya boksi ikiwa na maelekezo, fuata hayo. Kama haina, tafuta barabara nyoofu isiyo na watu, Jumapili asubuhi mapema ndiyo saa pekee nzuri ukiwa karibu na mji. Nenda 60, kanyaga kwa nguvu ya kati bila kufunga tairi hadi kama 10, achia, panda tena 60, pumzisha nusu dakika hivi katikati, fanya mara nane hadi kumi. Usisimame kabisa. Utasikia harufu, ni kawaida. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki sana ili upepo uzipoze. Ukisimama zikiwa za moto usikae umekanyaga pedali, pedi itaacha alama mahali pamoja kwenye diski na usukani utaanza kutetemeka ukifunga breki.

Na safari ya kwanza isiwe ya milimani. Gari ikienda 100 iko na nguvu mara nne ya ikienda 50, na yote hiyo inakuwa moto kwenye diski. Mtu akiteremka kutoka Kapchorwa kuelekea Sironko au zile kona za Kabale na pedi ambazo hazijazoea, amekanyaga breki njia nzima badala ya kushusha gia, mafuta ya breki ya zamani yaliyonyonya maji yanachemka na pedali inazama. DOT 4 mpya inavumilia nyuzi 230 au zaidi, ikishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi kama 155, kwa hivyo kama mafuta yako ni meusi na huna kumbukumbu yalibadilishwa lini, panga kuyabadilisha yote kabla ya safari kama hiyo.

Baada ya kilomita kama 100 kaza nati tena, gari ikiwa imepoa. Wiki hiyo ya kwanza, ukifika nyumbani, pitisha mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, pedi imebanwa pale, toa tairi urudie usafi.